Mganga Nje ya Lango

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji,

Salamu nitakupa mwishoni, ukizistahili. Kwanza nikuulize: ni nani kati yenu aliyeamua kwamba mimi nikae nje?

Posta ya ndani ya mchezo wetu wa kompyuta inakata barua ikifika maneno hamsini, na hasira zangu hazienei humo, ndiyo maana nakuandikia kwa barua-pepe. Kaka yako ananitazama ninavyogonga vitufe, anasema nitavunja meza. Nimemwambia meza haina kosa, mwenye kosa ni mdogo wake.

Tuanze mwanzo, maana wewe ukibanwa hujifanya umesahau. Miaka minne iliyopita nilipoolewa nikaingia nyumba hii simjui mtu, wewe ndiye uliyeniwekea Ngome Tisa kwenye kompyuta, ukasema, "Shemeji, chagua fani." Fani zilikuwa tano: Mlinzi, Mganga, Mpiga mishale, Mchawi na Mdokozi. Wewe tayari ulikuwa Mlinzi, na ngao kubwa kama mlango wa stoo. Nikakuuliza kundi lenu limekosa nini. Ukasema Mganga, hakuna anayetaka kuwa Mganga kwa sababu hapigi mtu. Nikaichukua hiyo hiyo. Miaka minne nimewatibu wewe, Kinyozi, Mwalimu na Dereva. Namjua anayekimbilia mbele kabla hajaambiwa (Kinyozi) na anayejifanya hajaumia (wewe). Ngome nane tumezivunja pamoja, na ya tisa tumeihangaikia miezi minane.

Sasa wenye mchezo wametuletea uchawi mpya, Azima. Mwalimu alitueleza kwa furaha kama mtu anayegawa pipi. Unamwazima mwenzako uwezo wako mmoja, anautumia kama wake mpaka pambano liishe. Sharti lake, mwenye uwezo akae uani, nje ya lango la ngome. Akiondoka, au akizima kompyuta, uwezo unamrudia papo hapo. Na kwa kuwa yuko nje, hahesabiwi katika wale watano wanaoruhusiwa kuingia.

Basi Jumamosi mkapiga hesabu chapuchapu. Mganga amwazime Mlinzi Tiba, abaki nje, na nafasi yake aingie Binamu wa Mwalimu na upanga wake. Watano ndani, wote wanapiga, na Tiba wanayo. Mkaniambia "asante Mganga", lango likafungwa, nami nikakaa uani dakika arobaini nikitazama ukuta.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, shemeji. Mtalikumbuka hilo siku nikiidai yangu.

Haya, salamu. Tu wazima. Kaka yako anakusalimu, yeye hana kosa.

Shemeji yako,
Mganga asiye na kazi


Jumatano, 12 Machi

Shemeji wangu mmoja tu,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye korido ya jengo la ghorofa kumi na moja, lifti iko wazi matumbo nje, na mwenye jengo ananiuliza kila dakika tano itapona lini. Kwa hiyo leo ninafokewa na watu wawili.

Jibu la swali lako: mimi. Wenzangu walitaka tutafute Mganga yeyote pale uani, wamejaa, wanaazimisha Tiba kwa kila anayepita. Nikasema hapana, atakayekaa nje ni shemeji au hatuingii.

Najua utasema ni porojo, lakini nisikilize. Kazi yetu ya lifti ni ya watu wawili. Mmoja anashuka shimoni chini ya lifti, mwenzake anabaki juu kwenye chumba cha mitambo. Huyo wa juu amezima swichi kuu, ametia kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwake. Baada ya hapo hafanyi kitu. Hashiki spana, anakaa tu kwenye ndoo. Ukimwona utasema analipwa bure. Lakini aliye chini roho yake iko kwenye mfuko ule. Hatuweki pale mtu tu ilimradi mtu.

Kwa hiyo mimi nimekupa kiti cha heshima, wewe unasema nimekufukuza. Ama kweli shukrani ya punda ni mateke! (Natania. Usimsomee kaka hapo.)

Samahani kwa makosa ya kuandika, natumia mkono wa kushoto. Bega la kulia nililigonga kidogo kazini mwezi uliopita. Si kitu, mama asijue.

Mlinzi wako


Ijumaa, 14 Machi

Shemeji,

Punda amesoma, na kaka yako nimemsomea. Amecheka mpaka akakohoa. Tulia, zamu yako inakuja.

Kiti chako cha heshima hujawahi kukikalia, kwa hiyo ngoja nikueleze kilivyo. Uani tupo Waganga kama mia mbili. Zamani ungemwona Mganga mmoja kwa makundi matatu, watu wanambembeleza. Sasa tumekaa kwenye ngazi tumepanga mistari, wachezaji wanapita wakipiga kelele, "Tiba! Nani ana Tiba?" kama watu wanaotafuta chenji. Na si sisi peke yetu. Kuna Walinzi wameazimisha ngao zao, sasa ngao inabebwa na Mchawi. Kuna Mdokozi mmoja ameazimisha kutoonekana, amekaa pale anaonekana na kila mtu. Fani zimekuwa kama nguo za mtumba, unachambua unachotaka, unaacha mwenyewe amesimama. Jana bibi mmoja, Mganga wa miaka saba, alituandikia wote uani, "Wanangu, mimi nakwenda kumwagilia maua," akazima. Hajarudi.

Unajua mimi nikiwa pale naona nini? Kitaa kidogo pembeni ya kioo cha kompyuta. Kila ukitumia Tiba yangu kinamweka, kinawaka na kuzimika mara moja. Sijui umemtibu nani, wala kama amepona. Kinamweka, basi.

Nami kazi yangu unaijua. Natengeneza meno ya bandia. Nakaa chumba cha nyuma, naletewa taya ya plasta, nachonga nta, napanga meno, nasugua mpaka yang'ae, yanawekwa kwenye kiboksi chenye namba yanaondoka. Miaka tisa sijawahi kumwona hata mtu mmoja akicheka na meno yangu. Wanatoka mlango wa mbele, mimi niko wa nyuma. Silalamiki, ndiyo kazi. Lakini Jumamosi saa tisa mchana nilikuwa nakaa kwenye kompyuta, nakuona umebakiza tone moja la damu, nanyoosha mkono, unasimama. Nilikuwa naona! Mahali pekee nilipokuwa naona ndipo mlipofunga lango.

Sasa naomba kwa mdomo wangu, maana mkono mtupu haulambwi na mdomo uliofumbwa haupewi. Ngome ya tisa nataka kuingia. Nataka nikuone kwa macho yangu ukimwangusha yule Mfalme wa Chuma aliye ndani kabisa. Binamu akae nje na upanga wake.

Na bega uliligongaje?

Shemeji yako


Jumatatu, 17 Machi

Shemeji,

Bega linaendelea vizuri.

Jumamosi tunaingia ya tisa. Nimeongea na wenzangu, wameng'ang'ana. Mwalimu amepiga hesabu kwenye karatasi, anasema bila upanga wa Binamu hatumfikii Mfalme. Naomba mara hii moja tu ukae uani. Tukishinda, kila Jumamosi baada ya hapo utaingia, nakuahidi.

Sitaki mtu mwingine pale. Nakuomba sana.

Mlinzi wako


Jumapili, 23 Machi

Shemeji,

Poleni kwa jana. Mtandao ulikatika. Huku kwetu siku hizi ndivyo ulivyo, unakuja unaondoka.

Najua mlikuwa karibu.

Shemeji yako


Jumanne, 25 Machi

Shemeji,

Mtandao haukukatika.

Nilimpigia kaka Jumapili kumwuliza kama mna shida ya umeme. Maskini hakujua anakuchoma. Akasema, "Umeme upo siku zote. Jana shemeji yako alizima kompyuta saa kumi kasoro, akaja jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi."

Saa kumi kasoro, shemeji. Mfalme wa Chuma alikuwa amebakiwa na pumzi mbili. Mimi nimesimama mbele yake na ngao, nyuma yangu wenzangu wanne, natumia Tiba yako kila sekunde tano. Nikabonyeza, haipo. Nikabonyeza tena, haipo. Tukaanguka wote kama sahani. Miezi minane!

Ungesema hutaki ningeelewa. Ungetukataa tangu asubuhi tungetafuta mwingine. Lakini umekubali, umekaa, umetuacha tuingie mpaka ndani kabisa, kisha ukaondoka na ufunguo. Na ukanidanganya juu yake.

Sasa nitakwambia bega niliumiaje, nawe utajua kwa nini sijalala vizuri tangu Jumamosi, japo ni mchezo. Mwezi wa pili nilishuka shimoni kusafisha na kukaza swichi ya chini. Juu nilimwacha mwenzangu tunayemwita Bingwa, tumefanya kazi pamoja miaka mitatu. Amezima, ametia kufuli. Akapigiwa simu. Mule chumba cha mitambo simu haishiki, akatoka nje, akaacha ufunguo kwenye kufuli. Akapita mlinzi wa jengo, wapangaji wanamlalamikia lifti, akaona ufunguo, akafungua, akawasha. Alidhani anasaidia.

Nilisikia mlio juu yangu. Chini ya shimo kuna nafasi ya mtu kulala, tumefundishwa, lakini kufundishwa si sawa na kulala. Nikajitupa kifudifudi kwenye mafuta na vumbi, bega likagonga chuma. Lifti ilishuka ikasimama. Nilipoinua kichwa kidogo, nywele ziligusa sakafu yake.

Bingwa alilia kuliko mimi. Akaniomba nisiseme, ana watoto, atafukuzwa. Sikusema. Mama nikimwambia atakuja kunikokota mwenyewe.

Wiki mbili baadaye wakaleta Azima, kundi likauliza nani akae nje. Nilijibu kabla hawajamaliza kuuliza. Niliweka pale mtu ambaye sikuwa na shaka naye hata kidogo.

Basi.


Alhamisi, 27 Machi

Shemeji,

Barua yako haina sahihi. Nimeiona hiyo.

Nilizima mwenyewe. Nilidanganya mwenyewe. Vyombo vilikuwa visafi. Ningekuwa na uso wa kukutazama ningeuinamisha, lakini uko mbali, kwa hiyo nakuandikia wazi: nimekosa, nisamehe.

Ila na wewe usikie. Wakati mko ndani, maandishi ya kundi mimi nayasoma kule uani. Hukujua, eh? Binamu aliandika, "Kabati liko salama?" Dereva akajibu, "Limefungwa, tumeshatoa nguo." Kinyozi naye na vichekesho vyake. Kabati ni mimi. Halafu nikaona jina lako, nikasema moyoni sasa atawaambia kitu. Ukaandika "hahahaha". Ha nne, nilizihesabu.

Ndipo niliponyoosha mkono nikazima. Sikugonga kitu, sikupiga kelele. Nilikuwa nimetulia kabisa, na huo utulivu ndio unaonitisha sasa nikiukumbuka.

Ungeniambia habari ya shimo kabla, shemeji! Ungeniambia, "Nakuweka pale kwa sababu ya jambo fulani lililonipata," ningekaa mpaka mizizi iote. Wewe umenipa hadithi ya kiti cha heshima, ile ya kweli ukaimeza. Ningejuaje? Mimi nasoma barua, sisomi tumbo.

Mikono yangu leo haikufaa kazi. Nimepanga meno ya mbele ya mtu mara tatu, yanakaa upande. Kila nikifumba macho naona nywele zako na ile sakafu.

Sasa niambie, huko kazini nani anashika ufunguo siku hizi?

Mimi, shemeji yako, niliyekosa


Jumamosi, 29 Machi

Shemeji,

Hizo ha nne sina la kujitetea. Nilicheka kwa sababu wote walicheka. Ni upuuzi, nisamehe na mimi.

Sijaacha kukasirika, lakini sasa nimekasirika na mimi mwenyewe pia, kwa hiyo umepata nafuu ya nusu.

Ufunguo nashika mwenyewe. Bingwa aliomba kuhamishwa, na Mkuu wa karakana hakuleta mwingine, anasema watu wawili kwenye lifti moja ni anasa. Nazima, natia kufuli, ufunguo mfukoni, nashuka. Hakuna wa kuwasha. Ni salama zaidi kuliko zamani.

Usimwambie kaka.

Mlinzi


Jumapili, 30 Machi

Shemeji,

Salama zaidi! Na ukiteleza kwenye hayo mafuta ukavunja mguu huko chini, nani anajua uko huko? Uliandika mwenyewe kwamba simu haishiki chumba cha juu. Shimoni itashika?

Nakupa mambo mawili na hatujadiliani. La kwanza, umwandikie Mkuu kwa karatasi kwamba hushuki tena peke yako. Usipoandika, namwambia kaka yako, na kaka yako hajui kuficha kitu, unamjua. Kabla ya chakula mama atakuwa na habari. Kabla ya jua kuzama atakuwa mlangoni kwako na begi.

La pili, mpaka upate mwenzako, kila jioni ukishatoka shimoni uniandikie neno moja. "Nimepanda." Sitaki salamu wala hadithi.

Habari za mchezo sina haja nazo kwa sasa.

Shemeji yako


Jumatatu, 31 Machi

Nimepanda. Dikteta wewe.


Jumanne, 1 Aprili

Nimepanda. Karatasi nimempa Mkuu. Ameifunikia chai yake.


Alhamisi, 3 Aprili

Shemeji,

Jana sikupata neno. Saa kumi na moja, kimya. Saa kumi na mbili, kimya. Simu yako inasema haipatikani. Kaka yako ananiuliza mbona nazunguka meza, nikasema natafuta pini.

Kwa hiyo nimefanya nilichofanya. Leo asubuhi nilitafuta namba ya karakana yenu nikapiga. Akapokea Mkuu mwenyewe. Nikamwuliza kwa adabu, "Fundi wako wa lifti yuko jengo gani?" Akasema lazima yuko kazini. Nikasema, "Lipi?" Akaniambia ningoje. Nikasema, "Ametoka shimoni jana au bado yumo?" Nikasikia anafunua makaratasi. Anafunua makaratasi, shemeji, kumtafuta mtu!

Hapo adabu iliniishia. Nilivyomwambia sitaandika, yupo atakayekuhadithia.

Kama u mzima, niandikie. Kama u mzima na ulisahau tu, Mungu akusaidie.

Shemeji yako


Alhamisi, 3 Aprili, jioni

Shemeji,

Nimepanda. Jana pia nilipanda. Simu iliisha chaji, nikafika nyumbani nikalala na viatu.

Umenidhalilisha. Karakana nzima inaniita "mtoto wa shemeji". Mkuu alinifuata jengoni kwa gari, akachungulia shimoni, akaniona, akashika kichwa. Niliudhika mpaka spana ikaniponyoka.

Hasira zikipoa nitaandika vizuri. Leo siwezi.

Mlinzi


Alhamisi, 10 Aprili

Shemeji,

Nimepanda. Na habari ninayo.

Nimepewa mwenzangu. Ni dada mmoja ametoka chuo cha ufundi, mkali kama pilipili. Siku ya kwanza Mkuu alipiga kelele kutoka chini amletee funguo za gari, ziko juu kwenye mkoba. Akamjibu, "Nimekalia ndoo, fundi yuko chini, siinuki." Mkuu akapanda ngazi ghorofa nane mwenyewe akihema. Mimi shimoni nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kwa hiyo hasira za simu nimezimeza. Zimepita kwa shida, lakini zimepita. Asante. Haya, nimesema.

Sasa mchezo. Jumamosi tunarudi ya tisa, wenzangu nimewaambia wote, na Binamu amefyata. Wewe unaingia. Mimi nakaa uani nakuazima Ngao. Mwalimu amepinga sana, eti Mganga mwenye ngao hakuna aliyewahi kusikia. Nikamwambia sasa atasikia. Neno kabati pia limekwisha, Dereva ameomba radhi, itakufikia.

Kumbuka, Ngao inataka uangalie miguu ya adui, usiangalie mikono. Ukiona mguu wa kushoto unarudi nyuma, bonyeza.

Mlinzi wako


Jumamosi, 12 Aprili

Shemeji,

Naandika papo hapo, lango bado limefungwa nadhani, sijui. Sijui kitu! Hivi ndivyo mlivyokuwa mnakaa?

Waganga walinipokea kwa vigelegele. "Mlinzi kaja kukaa na sisi, msogezeeni." Yule bibi wa maua amerudi, akaniuliza kama nimeleta kiti. Baada ya hapo kila mtu akatazama kitaa chake.

Changu kilianza kumweka dakika ya tatu. Mara moja, kimya, mara mbili haraka. Nikajua ni lile daraja la kwanza. Kikamweka kwa mpigo sawa muda mrefu, nikasema anaangalia miguu, mwanafunzi mzuri. Chai imepoa sijaigusa. Dakika ya thelathini na sita kimemweka mfululizo kama mtu anayegonga mlango. Halafu kimekoma.

Dakika nne sasa hakimweki. Kwenye maandishi ya kundi hakuna neno. Mmeshinda au mmekufa? Umemfikia Mfalme? Nimeandika jina lako mara tatu, hujibu. Ni mchezo, najua ni mchezo, na bado nakitazama kitaa.

Jumatano ile nilipolala na viatu, wewe ulikaa hivi mpaka asubuhi.

Andika kitu.

Niko hapa, sijaondoka


Jumapili, 13 Aprili

Shemeji,

Tumeshindwa. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, nikasukuma kiti nikaenda kuosha vyombo, na safari hii vilikuwa vichafu kweli. Niliporudi nikakuta jina langu umeliandika mara tatu. Nikaketi nikaona haya. Dakika nne zako na usiku mzima wangu havilingani, lakini sitadai salio.

Ngoja nikuhadithie, maana hukuona. Ngao yako ni nzito. Nilidhani wewe kule mbele ni kusimama tu kama mlango, kumbe kila pigo linakuja usoni. Miaka minne nilikuwa nakutibu mgongo, sijawahi kuona unachokitazama. Kinyozi alikimbilia mbele kabla hajaambiwa. Nikamtibu kwa mkono mmoja, nikakinga kwa mwingine, Mwalimu akaandika "Eh!" Mfalme tulimfikia. Ana macho madogo ya huruma, hukuwahi kuniambia. Alibakiwa na pumzi moja, shemeji. Moja! Ukarudi mguu wa kushoto, nikabonyeza Ngao, ikawepo. Ikawepo kila mara. Kosa lilikuwa langu mwishoni, nilitazama mikono.

Nimeudhika. Miezi tisa sasa. Na hao wenye mchezo wametangaza wataiondoa Azima mwisho wa mwezi, eti inavuruga fani. Wameona leo!

Lakini kuna kitu kimoja nilitaka kukwambia. Mle ndani, katikati ya makelele yale, sikugeuka nyuma hata mara moja kuangalia kama bado upo.

Kesho unashuka shimo gani? Najua una mwenzako. Andika hivyo hivyo.

Shemeji yako,
Mganga


Jumatatu, 14 Aprili

Jengo la ghorofa kumi na moja, lile lile la mwezi wa pili. Ufunguo ulikuwa kwa dada wa ndoo.

Nimepanda.